Uzi Mwekundu wa Mama Eunice

Pale Nyahanga, mjini Kahama, sebule isiyo na kitambaa cha Melania ni ya kapera, au ya mgeni aliyehamia juzi. Vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika friji na redio, vyote anafuma yeye, akiwa amekaa barazani kwake na mfuko wa nyuzi mapajani. Wanamwita Mama Eunice, kwa jina la bintiye wa pekee. Ana miaka hamsini na tatu. Shule aliishia darasa la nne, kwa kuwa baba yake, mzee Maige, alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wa kiume wachache, na ng'ombe hawachungwi kwa daftari.

Ng'ombe wa mzee Maige walikuwa na alama: mkato mdogo kwenye sikio la kushoto, kama jino la mtoto. Melania alipoanza kufuma vitambaa vya kuuza, aliona vibaya kazi ya mikono yake izurure mjini kama mifugo isiyo na mwenyewe. Basi kila kitambaa, kiwe cheupe au cha rangi ya maziwa, hukimalizia pembe moja kwa uzi mwekundu, mizunguko mitatu tu. Wateja wengi hawajawahi kuuona.

Ni mtu wa hofu. Pikipiki ikisimama nje, anachungulia. Simu ikiita mara moja ikakatika, anakaa akijiuliza ni nani amefariki. Anajua jirani gani anafua lini na mgeni wa nani ameondoka bila kuaga.

"Mama, ungeajiriwa benki wewe," Eunice humtania, "wangepunguza walinzi."

"Na wewe ungeolewa ningepumzika," Melania humjibu.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakukichungulia, na kilikuwa sebuleni kwake mwenyewe, kimesimama juu ya meza mbele ya kochi.

Kilikuwa runinga. Aliileta Fredy, mchumba wa Eunice, kijana mpole anayefanya udalali kwenye yadi ya kuegesha malori nje kidogo ya mji, kule ambako magari ya mizigo yanayokwenda Rwanda na Burundi hupumzika. Alifika nayo kwa bajaji, ikiwa mpya ndani ya boksi lake.

"Mama mkwe, hii ni yako. Sasa utaona misa ukiwa umekaa."

"Wabeja, baba," Melania alimshukuru kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili ili shukrani ikae sawasawa. Siku hiyohiyo akaifunika kwa kitambaa kipya. Hakuuliza ilikotoka. Mkwe anayeleta haulizwi, ndivyo walivyomwambia mashoga zake, naye akakubali upesi kuliko ilivyo desturi yake.

Eunice alikuwa na miaka ishirini na saba na duka lake lilikuwa ndani ya simu. Alianza na viatu na mikoba: anapiga picha, anaiweka kwenye makundi ya mtandaoni, mteja anapiga, mzigo unapanda basi. Mwezi huo aligeukia runinga. Wateja wake wengi walikuwa kule Nyarugusu, kwenye machimbo, na mchimbaji ambaye duara lake, yaani shimo lake, limetema dhahabu jana haulizi risiti. Anauliza tu kama rangi zinaonekana vizuri.

Jumamosi moja asubuhi Melania alikwenda kwenye jumuiya, nyumba ya tatu kutoka kwake. Baada ya sala, wanawake walibaki kumpa pole Salome, ambaye wengi humwita Mama Abel. Mumewe, Pantaleo, ni dereva wa lori, na hiyo ilikuwa wiki ya pili yuko mahabusu.

"Alisimama pale yadi akaenda kula ugali, basi," Salome alisema. "Aliporudi, sili ya kontena iko mlangoni pake. Kumbe ilikatwa ikabandikwa kwa gundi. Kufika mpakani, kontena linafunguliwa, maboksi ya mbele yapo, ya nyuma hayapo. Runinga. Wenye mzigo wanasema aliyekata ni dereva."

"Pantaleo huyuhuyu anayerudisha chenji ya sadaka?" mama mmoja akasema, na wenzake wakaguna.

"Sasa mimi kazi yangu ni simu. Nashinda kwenye haya makundi ya kuuza vitu. Angalieni." Salome akatoa simu. "Inchi arobaini na tatu, mpya, ipo Kahama. Aina ileile iliyokuwa kwenye kontena."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Melania, aliisogeza mbali kidogo na macho, kwa sababu miwani alikuwa ameisahau. Akaona runinga juu ya meza. Juu ya runinga, kitambaa cha rangi ya maziwa, kimelazwa vizuri, pembe moja ikining'inia mbele. Akaigusa picha kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa na Eunice, ikakua.

Mizunguko mitatu, myekundu.

Akairudisha simu kwa Salome. "Pole sana, Mama Abel," alisema. Salome alimtazama kwa muda kidogo, akaiweka simu kwenye mkoba.

Njiani Melania aliwapita watu wawili bila kuwasalimia, jambo ambalo wale watu walilizungumza baadaye. Alipofika nyumbani, Eunice alikuwa uani anasuka nywele zake mwenyewe, kioo kimeegemezwa kwenye ndoo.

"Runinga unazouza, picha unapigia wapi?"

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Unapigia wapi?"

"Hapa sebuleni. Si nina hiyo yako? Zote zinafanana."

"Na kitambaa changu juu?"

Eunice akacheka. "TV bila kitambaa si inaonekana uchi? Niliposti ya kwanza bila kitambaa, mteja akaniuliza kama imetolewa dukani au jalalani. Nilipoweka kitambaa, siku moja, simu nne. Watu wa huku wakiona kitambaa wanajua inatoka kwenye nyumba ya heshima."

Melania akakaa kwenye kigoda. Alijua ni kweli. Kahama nzima isingeweza kuuza runinga bila kuivalisha.

"Fredy anazitoa wapi?"

"Mama, mimi ni muuzaji. Mzigo nikiletewa siuulizi umezaliwa hospitali gani."

"Nakuuliza mimi niliyekuzaa wewe."

Kitana kikasimama. Eunice aliangalia kioo, si mama yake. "Alisema ni mzigo uliokataliwa mpakani. Wenyewe wanauachia kwa bei ya chini."

"Ukaamini?"

"Wewe ulipoletewa yako, uliuliza?"

Neno hilo lilimpata Melania mahali pake. Aliokota nyuzi zilizoshika kwenye sketi yake. Kisha akamsimulia bintiye jambo ambalo hakuwahi kumsimulia.

Zamani kule kwao, ng'ombe wakiibwa, watu walipiga mwano, yowe la kuita msaada, wakafuata nyayo. Nyayo zikiingia kwenye kijiji chako, hukai ndani ukasema mimi si mwizi. Unatoka na watu wako, unawapokea wafuataji njiani, na unawaonyesha nyayo zilipotokea upande wa pili. Ukizionyesha, wewe huna deni na mtu. Usipozionyesha, zimelala kwako, na ng'ombe ni wako, uwe uliwaona au hukuwaona.

"Siku moja zikaingia kwenye shamba letu," Melania alisema. "Baba akatoka kabla wafuataji hawajafika. Akazifuata mwenyewe, mimi nipo nyuma yake na fimbo. Zikatoka kwetu zikaenda moja kwa moja mpaka kwa mjomba wangu, ndugu wa mama. Baba alisimama pale, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akarudi njiani akawasubiri wenye ng'ombe, akawaonyesha."

"Na bibi?"

"Hakusema na babu yako masika nzima. Alimpikia, alimfulia, akanyamaza."

Eunice alielewa hadithi ile ilikuwa inaelekea wapi. "Mama, Fredy ameleta barua ya posa. Ipo kabatini kwako."

"Najua. Nimeikunja mwenyewe."

"Nitafuta picha. Nifute zote sasa hivi, na hiyo TV tuihamishie Ngokolo kwa shangazi, Shinyanga hakuna anayetujua. Yataisha."

"Na Pantaleo?"

"Pantaleo mimi sikumfunga."

"Ndiyo kusema zimelala kwetu," Melania alisema polepole. "Ukifuta, umezifagia nyayo. Anayefagia nyayo, ng'wanawane, mwanangu, huyo ndiye wanayemkamata."

Eunice akalia, bila sauti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Melania hakumkumbatia. Aliogopa akimkumbatia atakubali Ngokolo. Alijua mlango wa kituo cha polisi ni mpana kwa anayeingia na mwembamba kwa anayetoka. Alijua mtu anaweza kwenda kusema kweli akalala ndani. Na mtoto huyu alikuwa mmoja tu, hakuwa na wa akiba.

Akaingia ndani, akachomoa waya wa runinga.

Alikwenda kwanza kwa Salome, peke yake, jua likiwa limepanda. Alitaka kumpokea njiani, kabla hajafika mlangoni. Salome alikuwa anapepeta mchele.

"Mama Abel, kile kitambaa kwenye simu yako ni changu."

Salome aliendelea kupepeta mara mbili zaidi, akaweka ungo chini.

"Mimi nina vitambaa vyako sita, Mama Eunice," alisema. "Nimevifua miaka tisa. Unafikiri sijui uzi wako?"

Melania aliuangalia ule ungo.

"Niliiona juzi. Nikavaa viatu niende polisi, nikafika kwenye kona ya dukani, nikarudi. Nikasema, huyu mama wakati namuuguza Abel alilala kwangu siku tatu. Nitampelekea kwenye jumuiya, aione kwa macho yake. Nikakupa mpaka leo jua lizame." Akafuta mikono kwenye kanga. "Likizama, ningekwenda. Nisingerudi tena kwenye kona."

"Ungefanya haki."

"Ningefanya. Sasa twende, au unataka ninywe chai kwanza?"

"Kunywa ukiwa umerudi na habari za mumeo," Melania alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Salome akatabasamu.

Runinga waliipeleka mchana kweupe. Eunice aliibeba kichwani, kitambaa kikiwa juu yake bado, nywele amezifunika kwa kilemba. Melania alitembea kulia, Salome kushoto. Majirani walitoka barazani. Mmoja akauliza kama imeharibika.

"Imeharibika," Melania akajibu.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Jilala, aliwapokea kwenye ofisi yake ya chumba kimoja kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Mmeniletea tivii? Mwaka wa uchaguzi bado."

"Nimekuja kutoa nyayo kwangu, mwenyekiti."

Jilala naye ni mtoto wa wafugaji. Akaacha utani, akavuta kiti, akachukua kalamu. Eunice akafungua simu. Hakuwa amefuta kitu. Yalikuwemo majina ya wateja wa Nyarugusu, namba za mabasi, picha za maboksi na tarehe zake, na sauti ya Fredy akisema, tena akicheka, kuwa sili amerudisha kwa gundi na dereva bado anakula. Sauti hiyo ilikuwa haijafunguliwa. Eunice alikuwa na desturi ya kuruka sauti za Fredy zikiwa ndefu. Aliisikia pale kwa mara ya kwanza, pamoja na wote, na aliposikia kile kicheko akaiweka simu mezani kana kwamba imemuunguza.

Polisi walimweka Eunice ndani siku mbili. Melania alikaa siku hizo kwenye benchi la nje, akifuma kitu ambacho hakikuwa na umbo. Mzee Jilala alimdhamini. Fredy alikamatwa akiwa na wenzake wawili na maboksi saba. Pantaleo aliachiwa wiki iliyofuata, amekonda, na jambo la kwanza alilofanya ni kulala kwenye kochi lake lenye vitambaa sita mpaka jioni. Runinga ikabaki kituoni kama kielelezo, na kitambaa nacho. Askari aliyeandika alitaka kujua ule uzi mwekundu unaitwaje. Melania akamwambia hauna jina, ni wa kwake tu. Barua ya posa aliitoa kabatini akaikabidhi kwa wazazi wa Fredy, ikiwa imekunjwa vilevile.

Eunice sasa ni shahidi, na kila Jumatatu anaripoti kituoni. Mama yake humsindikiza. Kwa Jumatatu tano walikwenda na kurudi bila kusemezana. Eunice alipika, alifua, aliuza viatu vyake kwenye simu akiwa na risiti ya kila jozi, na mbele ya mama yake alinyamaza. Melania hakumlazimisha. Alikumbuka masika moja, na ilikuwa ndefu, lakini ilikwisha.

Jumatatu ya sita, karibu na geti, Eunice akasimama kurekebisha kandambili.

"Mama. Wale ng'ombe waliotoka kwa babu wakaingia kwa mjomba. Walikuwa wangapi?"

Melania alifikiri kwanza, asije akasema uongo.

"Wawili. Na mmoja alikuwa mgonjwa."

"Ng'ombe mmoja na nusu," Eunice alisema. "Bibi alikuwa na haki ya kununa." Kisha akamwachia mkoba wake. "Kaa hapa, narudi. Na usichungulie."

Melania akakaa kwenye jiwe la nje ya geti, mkoba mapajani. Bintiye alipopotea nyuma ya mlango, akainuka, akasogea hatua tatu, akachungulia.