Kofia za Meno kwa Fizi Zilizorudi Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Uhuru, Sista Mkuu wa hospitali pale Mtwara alinikabidhi koti jeupe na kitambaa cha kufunga mdomoni. Koti lilinipwaya. Kitambaa nilikipenda papo hapo, maana mimi ni Mmakonde wa upande wa Msimbati, na meno yangu ya mbele yalichongwa ncha nikiwa mtoto. Kijijini ulikuwa urembo, mjini kichekesho. Msaidizi wa chumba cha meno anayeficha meno yake! Chekeni tu, hata mimi ningecheka, kama ningeweza kucheka bila kuweka mkono mdomoni.

Ninyi mnaosomea meno leo, kazi ya wakati ule mngeikimbia. Keekee ya kutobolea jino iliendeshwa kwa mguu kama cherehani, na mguu wenyewe ulikuwa wangu. Nilichemsha koleo, nikakoroga saruji ya meno juu ya kipande cha kioo, nikashika vichwa vya watu walioona sindano ya ganzi wakakumbuka ghafla kwamba wameanika mihogo na mvua inakuja. Mkubwa wangu, Daktari wa Meno, alikuwa mtoto wa wenye duka Mikindani, mtu wa maneno machache na mikono myepesi. Mengi nilijifunza kwa kumtazama.

Balaa lilianza Bwana Afya alipoagiza tuzunguke shuleni kufundisha watoto kupiga mswaki. Katika shule moja ya mtaa wa Rahaleo, palepale Mtwara, nilifungua kinywa kuwaonyesha namna ya kusugua. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, hayo ya papa?" mmoja akauliza.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliporudi nilimwomba Daktari anivishe kofia. Kofia ilikuwa ganda jeupe la plastiki ngumu, linalovishwa juu ya jino lililopunguzwa kwa keekee. Yale magamba membamba mnayobandika siku hizi mbele ya jino ni wajukuu zake.

Daktari aliniinua mdomo kwa kioo, akazikagua fizi jino kwa jino.

"Bwana Nandonde, meno unayasugua kwa kitu gani?"

"Mkaa, Daktari. Na mchanga wa pwani kidogo."

"Mchanga?"

Ikabidi niseme. Tangu nifike mjini nilikuwa nasugua kila alfajiri kwa nguvu zangu zote, nikiamini iko siku ncha zitalika zilingane na meno ya watu wengine.

"Ncha zipo palepale," alisema. "Ulichomaliza ni fizi."

Akanieleza kama ambavyo nimewaeleza wagonjwa wengi baadaye. Kofia inataka ukingo wa fizi nzima. Zangu zilikuwa zimerudi nyuma na mizizi iko nje. Akinivisha, juu ya kofia utabaki mstari wa kahawia, chakula kitajificha pale, na kwenye mzizi saruji haishiki sawasawa.

"Fizi iliyorudi nyuma hairudi mbele," alisema. "Tukwangue ukoga kwanza, acha mchanga, tungoje zitulie. Na ujue, nikishapunguza ncha hizo, hazioti tena."

"Zisiote, Daktari."

Tulingoja miezi. Fizi zikaacha kutoka damu, ila hazikupanda. Daktari alinivisha kwa shingo upande, na mimi nikajiona mtu mpya. Likizo ilipofika nikaenda nyumbani kwa mama.

Mama ndiye aliyenipakata kichwa siku ya kuchongwa. Ndiye aliyetoa jogoo kwa fundi, na ndiye aliyeninywesha uji uliopoa kwa kikonyo cha jani la boga mpaka kidonda kikapona. Nilimwamkia huku nikitabasamu.

"Marahaba, ntoto wangu," aliitikia, kisha akasogea. Akaligusa jino moja kwa kidole.

"Yule fundi alikuwa hodari," alisema polepole. "Nilinchagua mwenyewe." Halafu akauliza, "Huko njini wanayacheka?"

Niliinama nikajifanya nafungua mzigo wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Usiku tukila, mjomba alisimulia mbuzi wake aliyekula kofia ya imamu. Mama alicheka kama alivyocheka siku zote, kwa kichwa kizima. Mara akakatisha, akavuta upindo wa kanga akaziba mdomo. Meno yake yalikuwa yamechongwa kama yangu, na sikuwahi kumwona akiyaficha.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Mtawanya, niwe ninang'oa peke yangu, chini ya Mganga Msaidizi asiyependa utani. Yaliyosemwa na Daktari yakatimia. Mate yaliila saruji, kofia ya kwanza ikatoka na korosho, ya mwisho na kipande cha muhogo. Katikati ya miaka ya sabini vilikuwa vimebaki visiki vya kahawia, si vya mjini wala vya kwetu.

Sasa nimestaafu, na vijana wenye fizi zilizorudi nyuma wananiuliza kama wabandike magamba. Nawaambia fizi kwanza: zisafishwe, zitulie, daktari aseme ukweli na wewe uusikie. Meno yasubiri.

Ila kofia ya mwisho ilipotoka, nilikwenda kwa mama kabla hata maumivu hayajapoa. Nilimwonyesha visiki vyangu, nikacheka kwa sauti ili acheke na yeye. Akacheka kweli, machozi yakamtoka. Na kanga ilikuwa imeshapanda mdomoni. Mkono ulikuwa umezoea. Tulimzika sijayaona tena meno ya mama yangu.