Mwendo wa Ng'ombe

Baba yangu ana pikipiki ya magurudumu manne iliyotengenezwa kwa ajili ya kuruka matuta ya mchanga kwa kasi, na anaitumia kufuata ng'ombe nyuma. Aliipata kwa mtu mmoja aliyekuwa anafunga kambi yake ya watalii upande wa Bunda. Alitoa madume wawili, akarudi nayo Butiama akiwa amevaa koti la kanisani. Nyonga yake imechoka, hawezi tena kutembea hata hadi lamboni kunywesha ng'ombe, kwa hiyo kile chombo ndicho miguu yake. Kijiji kilicheka wiki nzima. Ng'ombe walimzoea kabla ya watu.

Mimi, binti yake, ni fundi pikipiki Musoma mjini. Nina gereji yangu, nina spana zangu, na nina baba ambaye kila nikimtengenezea kitu huuliza, "Nani amekusaidia?" Nilipomfungia breki aliuliza. Nilipombadilishia cheni aliuliza, huku anaitazama mikono yangu iliyojaa grisi hadi kwenye viwiko.

Shida ya chombo chake ni moja. Injini ile inapozwa na upepo, na upepo huja ukikimbia. Baba hakimbii. Alilelewa akijua kwamba mchungaji hawatangulii ng'ombe wake wala hawaharakishi, hivyo anakwenda gia ya kwanza tangu asubuhi, injini inatokota katikati ya magoti yake. Oili niliyoimwaga mara ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi, inanuka kuungua.

"Baba, uwe unakimbia kidogo, hata dakika tano, ipate hewa."

"Nikimbie niende wapi? Ng'ombe si wako hapa?"

Kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa Kabasa, alikuwa anaingoja injini hiyo ife. Simsemi vibaya, anampenda baba, ila anampenda akiwa amekaa kwenye sofa. Alishatangaza kwamba chombo kikifa, lori litakuja kuchukua ng'ombe wote wauzwe, na mzee atahamia kwake akaangalie televisheni. Baba alipoambiwa alikwenda kukaa zizini mpaka chakula kikapoa. Hapo niliogopa kweli.

Nikaamua kufunga rejeta ya oili. Kazi yake si ngumu kuielewa: oili inatoka kwenye injini kwa mpira mmoja, inapita kwenye rejeta kupoa, inarudi kwa mpira wa pili. Niliiweka mbele, chini ya taa, na kwa kuwa namjua mteja wangu nikaongeza feni, maana kwa mwendo wa ng'ombe upepo lazima utengenezwe. Baba aliitazama feni ikizunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nani amekusaidia?"

Wiki ya pili akapiga simu. "Mama, hii kitu inachemkaga tena. Na kaka yako anakuja Jumapili, baada ya ibada."

Nilifika Jumamosi mchana. Niliinama mbele ya pikipiki, halafu nikakaa chini kabisa kwa kicheko. Rejeta yangu ilikuwa imevaa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua mekundu, kimeshonwa kwa kipimo na kufungwa kwa utepe pembe zote nne. Nyumbani kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa chake, makochi yana vyake, hata mtungi wa gesi una sketi. Feni ilikuwa imekivuta kile kitambaa pamoja na vumbi na samadi, hewa haipiti hata kidogo.

"Baba, ukaona hivi ukanyamaza?"

"Mama yako ndiye amefunga. Ungekuwa ni wewe ungefungua?"

Mama akatoka jikoni anafuta mikono kwenye khanga. "Si ulisema hiyo ndiyo inalindaga injini? Sasa kitu kinachomrudishaga mzee wangu na furaha, nikiache kichafuke?"

Nilifungua utepe, nikasugua rejeta kwa brashi na maji ya sabuni, nikabadilisha oili, chujio na plagi. Kitambaa nilikifua mwenyewe, nikakihamishia kwenye kiti cha pikipiki kwa heshima zote. Mama alikikagua, akaona kimekaa vizuri.

Jumapili kaka alifika na namba ya mwenye lori kwenye simu yake. Baba alimwambia anywe chai, akawasha, akatoka na ng'ombe kwenda lamboni. Sisi tulikunywa chai ile kwa shida. Jioni walirudi wote kwa mwendo wao uleule, ng'ombe mbele, baba nyuma amekalia maua ya mama, injini inanguruma taratibu.

Kaka aliinama. Akasikiliza. Akanusa kila upande akitafuta harufu ya kuungua, akakosa.

"Hii rejeta amefunga nani?"

Baba akanionyesha kwa kidevu.

Kaka alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Na nani alimsaidia?"

"Huyu hasaidiwagi," alisema baba, akashuka, akachechemea kwenda kufunga zizi lake.