Tonge la Minza

"Meza tonge moja tu, Minza, nilione likishuka."

"Saa yangu ya kula haijafika, mama. Mpaka saa kumi."

"Tumbo lako limeajiriwa siku hizi, lina saa za kazi? Na hiyo saa kumi ikifika unakula yai ulilochemsha mwenyewe na tango. Changu hugusi."

Yunisi alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Ndiye huyu Yunisi aliyewapikia wapandaji mpunga wa Madibira miaka tisa, ambaye mchuzi wake ulimfanya mzee Sedekia, mwenye meno mawili, aote la tatu. Msimu wa kupandikiza, vibarua thelathini walikuwa wakizunguka masinia uani kwake, wakigombea ukoko.

Wiki hii sufuria zilibaki zimejaa. Vibarua walimwona huyu binti wa kambo akikwepa sinia asubuhi na jioni, akinywa maji ya limao pembeni. Na mtoto wa nyumba akikwepa sinia la mama wa kambo, mgeni haulizi. Hukumbuka ana safari kabla hajanawa. Jana Yunisi alisikia kisimani wakiulizana marehemu mama yake Minza aliumwa nini hasa.

"Nani kakufundisha kushinda njaa?"

"Dada mmoja wa mtandaoni. Anafanya hivyo, amekuwa mwembamba. Anafuatwa na watu laki tatu."

"Laki tatu wanamfuata, na hakuna hata mmoja aliyechungulia jikoni kwake?"

Minza aliguna, akaifunika simu kwa kanga. Yunisi aliitazama ile simu kama mtu anavyomtazama mke mwenza mpya.

"Waambie basi vibarua kwamba ni mambo ya simu."

"Watanicheka, mama."

"Wacheke. Anayecheka na mimi atakula kwangu. Hawa walionyamaza ndio wananizika."

Minza alimtazama mama yake wa kambo, macho yalivyomvimba. Akanawa, akakata tonge dogo, akalichovya.

"Moja tu," alisema. Akalisogeza puani, akalinusa, akaligeuza kutafuta mafuta yalikozidi.

Hapo ndipo Roza alipoingia bila hodi, begi la safari begani, vumbi la Chunya bado miguuni. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yake Minza, na maneno ya kisimani yalikuwa yameshamfikia. Akalitazama lile tonge lililokwama chini ya pua ya mtoto wa dada yake, kisha akamgeukia Yunisi na mwiko wake.

Hakuna aliyemwambia karibu.