Siku Niliyoizunguka Ngome ya Guangzhou Kinyumenyume

Jamani, aibu hii hata mama watoto nilimhadithia nusu tu, nyingine nikaimeza, lakini leo mmenikuta nimeshiba na ulimi umelegea, basi chekeni mkimaliza mnisitiri.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi kijana wa Moshi nimekwenda Guangzhou kufuata suruali za jumla, na bosi niliyekuwa nambembeleza anipe mzigo (laoban, ndivyo wanavyoita bosi kule, mama mmoja mfupi mwenye duka mtaa wa Guangyuan Xilu) alikuwa bado hajaamua anipe mimi au mteja mwingine kutoka Lagos. Akasema Jumapili atatutembeza kwa miguu, mimi na Bi Zuhura, tukaone ngome ya kale na ukuta wa mji. Bi Zuhura ni Mzanzibari, alinitangulia kule, Kichina cha sokoni anakijua. Nami kwa kutaka kumfurahisha laoban nikaona nivae suruali ya dukani kwake, ile aliyonipa kama sampuli, ingawa ilinibana mpaka kupumua kwa zamu.

Bi Zuhura aliponiona akashika mdomo. "Eliya mwanangu, hiyo suruali umeivaa au umechorwa?"

"Italegea tu, Bi Zuhura."

Haikulegea. Tukapanda kilima cha bustani, na ngome hiyo, nyekundu, ghorofa tano, na ukuta wa kale umekumbatiwa na mizizi ya miti, raha tupu. Laoban akatuonyesha kwa mikono jinsi walinzi walivyokuwa wakichungulia maadui, nami (kiherehere changu!) nikainua mguu nikanyage mzizi nichungulie kama wao, nikasikia traaa! Upepo ukaingia mahali upepo hauna kazi. Na ndani, nisiwafiche, nilivaa chupi nyekundu kama pilipili.

Hapo ningesema tu, yangeisha. Lakini mimi nikaupa ukuta mgongo nikawa natambaa nao kama mjusi, laoban anaeleza, mimi naitikia, mpaka ukuta wenyewe ukaisha. Nikaanza kuizunguka ngome kinyumenyume.

"Una nini weye?" Bi Zuhura akauliza.

"Kwetu mgeni hampi mwenyeji mgongo," nikamjibu, "ni heshima."

Naye akamtafsiria laoban! Yule mama akaguswa mpaka akaniinamishia kichwa. Sasa ningegeuka vipi tena?

Basi mbele ya ngome kulikuwa na wazee wanafanya mazoezi, na mazoezi yao, haki ya Mungu, yalikuwa kutembea kinyumenyume, mstari mzima! Waliponiona wakashangilia, bibi mmoja akanivuta mkono akaniingiza mstarini. Mimi nikang'ang'ania kukaa nyuma kabisa ili mgongoni kwangu pasiwe na macho ya mtu, nikasahau kwamba kwa watu wanaotembea kinyumenyume, wa nyuma ndiye kiongozi. Nikawaongoza kwa bashasha, laoban anapiga makofi, Bi Zuhura anapunga mikono (nilidhani ananishangilia, kumbe ananionya), puu! Nikaingia kwenye meza ya wazee wengine wanaocheza chesi ya Kichina, vikombe vya chai huku, kete kule, mimi katika kujigeuza nijishike nikaanguka kifudifudi juu ya meza, na ile nyekundu imetazama mbinguni.

Kilima kizima kikacheka. Yule bibi wa mazoezi alicheka mpaka akakaa chini.

Laoban hakucheka. Alikuja akainama, mbele za watu wote, akaukagua ule mshono, akavuta uzi ukakatika kirahisi, akasema maneno makali.

"Ananitukana?" nikauliza.

"Anamtukana fundi wake," Bi Zuhura akasema huku akijifuta machozi. "Anasema uzi mbovu. Na anasema nyekundu ni bahati, usione haya."

Ndipo laoban akavua sweta yake ya maua akanifunga kiunoni, na yeye mwenyewe akaanza kucheka, akashindwa kusimama, akanishika bega. Mzigo nilipewa mimi, kila mshono umepigwa mara mbili.

Ila kabla ya magharibi Bi Zuhura alikuwa ameshaitangaza habari Dengfeng nzima, mtaa tuliokuwa tunakaa Waafrika, nikiingia mgahawani watu wananiamkia kinyumenyume. Tangu siku ile nimeapa: nikipasukiwa, nasema nimepasukiwa, watu wacheke mara moja yaishe, kuliko kuwapeleka wazee wa watu kwenye chai ya moto.