Msomaji wa Karakana ya Biri

Saa tatu asubuhi, na karakana imekwisha kujaa harufu ya tumbaku. Watu kumi na wanane wamekaa sakafuni, kila mmoja na ungo mapajani, vidole vikisokota biri, zile sigara ndogo za majani, bila macho kuviangalia. Mbele yao kuna kiti kimoja tu. Aliyekikalia ni Kaumudi, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na miwili, na yeye hasokoti chochote. Anasoma.

Ameanza na gazeti, kuanzia habari za siasa hadi matangazo ya misiba. Sasa amefungua riwaya ya mjane anayenyang'anywa kisima na shemeji zake. Shemeji mkubwa akizungumza, sauti ya Kaumudi inakuwa nzito na ya kiburi, na mzee mmoja pembeni anasonya kana kwamba dhalimu huyo yumo humu ndani.

Ndiyo kazi yake. Huku Kannur, kusini mwa India, vidole vya msokotaji vina shughuli kutwa nzima lakini masikio yake yamekaa bure, na tangu enzi za babu zao wasokotaji huchagua mwenzao mmoja awasomee. Jioni kila mtu humtolea sehemu ya biri zake, ili msomaji naye apate ujira wa siku. Kaumudi amekalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka thelathini.

Leo jioni huenda akakipoteza. Kazi ikiisha, karakana itapiga kura kuamua kama usomaji uendelee au ufe.

Aliyeleta hoja ni Vinodan, anayekaa karibu na mlango, baba wa watoto wawili walioko chuoni. Si mtu mbaya, na hakuna anayesema hivyo. Zamani karakana ilikuwa na wasokotaji themanini, na mchango wa kila mmoja ulikuwa mdogo kama punje. Sasa vijana hawaitaki kazi hii. Msokotaji hodari hupata rupia mia nne kwa siku, na karibu ishirini huenda kwa msomaji. Kwa mtu ambaye maji yamemzidi unga, ishirini si haba.

“Simu yangu inasoma habari, inasoma hadithi, na haili wali,” Vinodan anasema, nyuzi za kufungia biri zikining'inia mdomoni. “Dada Kaumudi namheshimu. Lakini heshima hailipi karo.”

Kaumudi aliingia karakana hii kwa mlango wa njaa, ila haikuwa njaa ya tumbo. Mama yake alikuwa msokotaji, naye, binti wa miaka kumi na minne, alitumwa kumpelekea uji wa mchana. Siku moja alimkuta msomaji wa wakati ule katikati ya hadithi ya mwizi aliyejificha hekaluni. Akasimama dirishani na mkebe mkononi. Uji ukapoa, mama akala kwa hasira, na binti akala kofi. Kesho yake alifika mapema zaidi.

“Niliomba kazi ili nijue yule mwizi alikamatwa au la,” anasema, na kucheka. “Wenzangu walifuata mshahara. Mimi nilimfuata mwizi.”

Tangu hapo hajapona. Maktaba ya kijiji ameimaliza mara tatu, pamoja na vitabu vya ufugaji nyuki, ingawa hajawahi kufuga hata kuku. Samaki akija nyumbani amefungwa kwenye gazeti, samaki husubiri mpaka gazeti liishe. Mumewe, Raghavan, alivumilia wali wa kuungua mwaka mzima wa kwanza wa ndoa, kisha akachukua mwiko mwenyewe.

“Watu waliniambia nimeoa mke mvivu,” Raghavan anaeleza huku akikuna nazi barazani. “Mke wangu si mvivu. Hayupo tu. Ukimwita unamkuta nchi nyingine.”

Karakana ina sheria moja kali kwa msomaji: haruhusiwi kusoma mbele peke yake. Kitabu husikika na wote kwa pamoja au hakisikiki. Kaumudi, mbele ya sheria hiyo, alikuwa kama fisi aliyekabidhiwa bucha. Mwaka wake wa pili kitini alibeba riwaya nyumbani chini ya sari yake na kuimaliza yote. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kesho yake, kijana mmoja ndani ya hadithi alipanda mtumbwi akiimba, na sauti ya msomaji ikatetemeka. Wasokotaji wakatazamana, wakajua kijana atakufa. Walimvua kiti kwa wiki nzima, na akarudishiwa ungo.

“Wiki ile tulisomewa na mtu mwenye kigugumizi,” anakumbuka Sarojini, msokotaji mwenzake na rafiki yake wa siku nyingi. “Tuliadhibiwa sisi, si yeye.”

Asubuhi hii Sarojini amemletea hila. Amemnong'oneza amwache mjane ukingoni mwa kisima, shemeji akiwa nyuma yake, kisha afunge kitabu, waone nani atathubutu kuinua mkono jioni.

Kaumudi amekataa. “Kitabu si mtego wa panya, Sarojini,” amesema, na ameisoma sura hiyo mpaka nukta ya mwisho.

Jioni nyungo zinawekwa kando. Vinodan anasimama na kurudia hoja yake kwa adabu, bila kumtazama Kaumudi. Vichwa kadhaa vinaitikia. Kabla mikono haijainuliwa, Kaumudi anaomba neno.

“Vinodan hajakosea. Mchango ni mzito,” anasema. Sauti iliyojaza chumba kutwa nzima sasa haifiki mlangoni. “Nirudishieni ungo. Nitasokota kama ninyi, na saa ya mwisho nitawasomea. Sitaki biri ya mtu. Nitasoma bure.”

Mahali pengine wangepiga makofi. Hapa chumba kinapoa, na Vinodan anageuka kama mtu aliyetukanwa.

“Bure?” anauliza. “Dada, humu ndani hakuna aliyewahi kufanya kazi bure. Baba yangu alikaa jela miezi sita kwa kumgomea tajiri aliyetaka nusu saa ya bure. Leo tuipokee kutoka kwako?”

“Basi tusiite kazi,” anasema Kaumudi.

“Ni kazi. Umeifanya mbele ya macho yangu tangu sijaota ndevu. Usiniambie si kazi.”

Sarojini anaanza kucheka, na polepole wengine wanaelewa. Kama ni kazi, ina ujira wake, na mwenye hoja amelisema hilo kwa kinywa chake. Vinodan anakaa, anashika kichwa, anafikiri. Mabishano yanachukua muda. Mwisho anaiondoa hoja yake na kuleta nyingine: asubuhi asome Kaumudi, mchana achukue ungo, na wengine wasome kwa zamu. Kaumudi atachangiwa nusu siku tu; mchana kila anayesoma atachangiwa, basi anayetoa mchana wa leo atapewa mchana wa zamu yake. Mikono yote inainuka. Zamu ya kwanza wanamtwika Vinodan, ili hoja imrudie mwenyewe.

Mchana wa siku ya pili Vinodan yuko kitini, jasho linamtoka. Anapoteza mstari, anarudia, na kwake mjane na shemeji wana sauti moja. Kaumudi yuko chini na ungo mapajani. Biri zake zimepinda, vidole vimesahau. Machozi yanamtiririka na hayafuti.

“Tangu wiki ile ya adhabu, hakuna aliyewahi kunisomea,” anasema taratibu. “Nilisahau raha yake.”

Mwakani anastaafu, na mstaafu haruhusiwi kusokota. Anatamani jambo moja tu, na analisema kwa sauti ya chini: mchana aje akae hapa sakafuni, asomewe. Tatizo ni kwamba hajui kama wenzake watampokea mtu asiye na kazi.

Vinodan amesikia. Ameweka kidole kwenye mstari usimpotee tena.

“Kusikiliza si kazi, dada,” anasema. “Utakuja.”