Ua Nililolipanda Bila Kulijua Jina

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu. Chungu cha ua ulichoniletea jana kutoka mjini nimekiacha nje ya uzio kwa sababu ya mchana huo. Usidhani nimekidharau.

Nilikuwa mwanamke kijana, nimeolewa Marangu, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa masokoni. Siku moja nilishuka sokoni Kiboriloni, na mama mmoja muuza nguo akanikatia kijiti cha ua lililoota nyuma ya kibanda chake. Maua yake yalikuwa meupe, marefu, yameinama kama tarumbeta, na jioni yalinukia mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Nikakifunga kijiti kwenye gazeti, nikapanda nacho mlima hadi nyumbani.

Mama mkwe aliniuliza jambo moja tu: linaitwaje? Nikamjibu kwa kiburi cha ujana kwamba ua ni ua. Kisha nikafanya la aibu zaidi. Niling'oa masale mawili pale langoni nikapanda ua langu. Wewe mkwe wangu umekulia mjini, acha nikueleze: sale ndilo mmea wa mpaka wetu, na jani lake ndilo unalompelekea uliyemkosea ukiomba radhi. Mtu haling'oi kwa ajili ya urembo. Mama mkwe aliyaona mashimo, akapita zake.

Ua lilishika upesi, kwa kuwa udongo wetu una unyevu na mimi sikulinyima samadi. Lilipochanua, majirani waliomba vijiti. Niligawa huku nikijivuna.

Mchana ule wa kiangazi nilitoka kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi nilimkuta binti yangu Manka, wa miaka mitatu, ameketi chini ya lile ua. Uso ulikuwa umemwiva, midomo imekauka, mboni zimetanuka hadi macho yakawa meusi. Alikuwa anachuma hewani vitu visivyokuwapo. Nilimwita, hakunijua. Sijawahi kuogopa vile, si kabla wala baadaye.

Na unajua nilifanya nini? Sikukimbilia zahanati. Niliamini ni yale masale, kwamba nimegusa kitu cha wazee na mwanangu ndiye anayeadhibiwa. Nilichuma jani la sale, nikampigia mama mkwe magoti, mtoto akiweweseka mgongoni.

Mama alilipokea jani, akaliweka kando.

"Nimekusamehe, Mama Manka," akasema. "Lakini sale halimdhuru mtoto. Hebu tumtazame kinywani."

Tulimfungua mdomo, tukakuta kipande cheupe cha ua.

"Kata tawi lake, lenye jani na ua. Twende nalo."

Tulikimbia. Mganga wa zahanati alilitambua tawi mara moja, akasema lina sumu kuanzia mizizi hadi mbegu. Alituambia tungefika mikono mitupu angedhani ni malaria iliyopanda kichwani. Manka aliweweseka hadi kesho yake, nami nilimshika mkono nikihesabu pumzi zake. Siku ya tatu akaniita mama, nikalia mbele za watu.

Niliporudi nilipita nyumba kwa nyumba kwa wale niliowapa vijiti, nikiwaeleza kwa aibu. Nililing'oa langu kwa jembe, nikanawa mikono mara tatu, nikarudisha masale langoni. Manka hakumbuki chochote. Mimi harufu ile ikinipitia jioni, nasimama na kumtafuta kwa macho, ingawa sasa ni mama wa watu.

Basi, mwanangu, sikukatazi maua. Ila usipande usichokijua. Uliza jina kwa anayekupa, uliza na wa pili, uliza kama lina utomvu na kama mtoto au ng'ombe akilila litamfanya nini. Likiwa la hatari, likae mbali na lango. Na ukiulizwa na mkubwa, usimjibu kama nilivyojibu mimi.

Mungu akulinde wewe na watakaocheza chini ya utakachopanda. Sasa njoo hapa uzioni uniambie: hili ulilolileta linaitwaje?