Chekeche na Matone ya Mama

Dada yangu tunamwita Chekeche, maana kazi yake ni kuchekecha kurasa za mtandao. Anaandika ruwaza, yaani mstari mfupi wa alama unaoieleza kompyuta ichote nini na iache nini: bei hii, tarehe ile, takataka zote kando. Ukiiona utadhani kuku amepita kwenye kibodi. Yeye huitazama kwa mahaba, sisi wengine hatuambulii kitu.

Lakini haiamini mpaka aitegee mtego. Hutunga ukurasa wa uongo, wenye kila hila anayoweza kuiwaza, aone kama ruwaza itachota kisichotakiwa. Ofisini kwao wanamwona msumbufu, ila hawathubutu kutuma kazi kabla hajaigusa.

Basi mama akaishiwa matone ya presha ya macho. Daktari alishasema: jicho la kushoto limekwenda, la kulia litabaki iwapo tu matone hayakosekani. Na mjini yakaadimika. Chekeche akaandika ruwaza ya kusoma kurasa za maduka ya dawa, simu yake ilie pindi yakipatikana. Simu ikakaa kimya. Kila duka, yamekwisha. Mimi nilikuwa nazunguka kwa miguu kwenye maduka yasiyo na mtandao, narudi mikono mitupu, hasira zangu naumalizia mlango.

"Msihangaike, wanangu," mama akasema, amekaa kitandani akikunja nguo kwa kupapasa. "Nimeona ya kutosha."

Nilitamani kumgombeza, mama yangu mzazi.

Kisha akamgeukia dada. "Lakini hicho kidude chako, umekitegea mtego?"

Chekeche akaifuata kompyuta yake. Kazi za watu huzitegea zote. Ya mama aliiandika mbiombio, roho juu. Aliijaribu kwa ukurasa wenye dawa moja tu.

Akakaa palepale ukingoni mwa kitanda, akatunga ukurasa wa uongo: juu matone, yapo, chini kabisa vitamini za watoto, zimekwisha. Kompyuta ikajibu: matone yamekwisha.

"Mungu wangu!" Ruwaza ilikuwa inalikuta jina la matone vizuri, halafu haikomei kwenye jibu lake, inateremka mpaka jibu la mwisho wa ukurasa, ambako maduka huweka vilivyokwisha. Siku zote hizo tulikuwa tunapewa habari za dawa nyingine kabisa!

Akairekebisha ikomee kwenye jibu la kwanza. Akaitegea tena, na tena. Alipoiachia, simu ikalia. Duka la karibu na stendi, yapo. Nilitoka mbio na ndala za mama miguuni.

Matone yalipoingia, mama alifumba kidogo, akafumbua, akamvuta Chekeche dirishani. Akamtazama kwa lile jicho la kulia, taratibu, bila haraka yoyote.

"Hivi wewe, tangu lini hujachana nywele?"

Dada akaangua kilio. Mimi nikaenda kutafuta kitana.